Picha ya kibofu cha mtoto

Leo tuongee juu ya picha ya radio ya kibofu, sababu wengi wanaiogopa, wanarudi na mtoto nyumbani mbele haijapigwa.

Munganga anaingiza mpira mwembamba, ile sonda, pale mtoto anapokojolea. Anapitisha dawa mpaka kibofu kijae. Dawa ile inaonekana nyeupe kwenye picha. Kisha mtoto anakojoa, na wanapiga picha ingine palepale. Atalia, ndiyo. Dawa yenyewe inatoka na mikojo. Mama mwenye mimba asiingie chumba kile. Baba ya mtoto amushike.

Kibofu kizima kiko laini pembeni, kama yai. Ukiona pembeni kuna mikunjo na vifuko vidogo-vidogo, kibofu kimesukuma kwa nguvu siku nyingi: mara nyingi kuna kitu kinafunga njia. Kwa mtoto mwanaume, mara ingine ni kingozi kidogo alichozaliwa nacho. Na kama ule weupe unapanda kuelekea figo, mikojo inarudi nyuma. Kurudi kidogo, mara nyingi kunaisha mtoto akikomaa. Kurudi kwa nguvu kunaweza kuharibu figo, na figo iliyokufa haifufuki.

Basi mama, mwangalie mwana wako akikojoa. Mikojo inaruka, ao inadondoka tone kwa tone? Homa inarudi-rudi, na damu ikipimwa hakuna malaria? Utuambie mapema. Kile kingozi, munganga wa hospitali kubwa anaweza kukikata bila kupasua tumbo.