Vijiti 110 vya Mzee Lontulu



Leo tuzungumze juu ya neno moja: mtu aliyeonewa atapiganiaje haki yake bila kushika panga wala bunduki?

Adam Hochschild, mwandishi wa historia wa Marekani, ametunga vitabu viwili vinavyotufaa hapa. Kimoja, cha mwaka 2005, kinasimulia watu 12 waliokutana London tarehe 22 Mei 1787, katika nyumba ya kuchapia vitabu, wakakata shauri la kupinga biashara ya watumwa. Hawakuwa na jeshi. Mmoja wao, Thomas Clarkson, alizunguka bandarini akiuliza mabaharia na kuandika majibu yao. Alinunua hata pingu, ili watu waone kwa macho yao. Olaudah Equiano, aliyekuwa mtumwa mwenyewe, alichapa habari za maisha yake mwaka 1789, akapita mji kwa mji akishuhudia. Bunge la Uingereza lilikataza biashara ile mwaka 1807, na watumwa wa visiwa vya Karibi wakapata uhuru kamili mwaka 1838. Hesabuni wenyewe: miaka 51.

Kitabu cha pili, cha mwaka 1998, kinahusu Kongo yetu chini ya Mfalme Leopold wa Pili. Mnajua habari ya kauchu: wanawake walifungwa mpaka waume walete mpira kutoka porini, na mikono ya watu ilikatwa. Kelele zilipozidi Ulaya, Leopold alituma waamuzi watatu mwaka 1904 kuja kuchunguza. Mbele yao alisimama Mzee Lontulu, mkubwa wa Bolima. Alikuwa amepigwa fimbo, amefungwa minyororo. Akaweka mezani vijiti 110, kila kijiti mtu mmoja wa kwake aliyeuawa kwa ajili ya kauchu. Akavigawa mafungu manne: wakubwa, wanaume, wanawake, watoto. Kisha, kijiti kwa kijiti, akataja majina yao.

Ndugu zangu, mimi nimesoma sheria, na nawaambia: huo ndio ushahidi. Mzee hakusema tu, "Watu wengi walikufa." Alihesabu, akatenga, akataja.

Basi, mama uliye kambini, ukipoteza watu wako, shika majina yao, mahali, na siku. Ulichokiona kwa macho usikichanganye na ulichosimuliwa. Kama hujui kuandika, mwambie mtu unayemwamini akuandikie, na karatasi ile uifiche vizuri, maana si kila anayeuliza anakutakia mema. Mtaje aliyetenda, ikiwa unamjua. Lakini usiseme, "Ni kabila lile lote." Kabila halishiki panga, mtu ndiye anayelishika. Ukishitaki kabila zima, mwenye kosa anapata mahali pa kujificha, na mtoto asiye na kosa analipa.

Nanyi wakubwa, msimnyamazishe mjane eti anafufua maneno. Wala msiongeze kijiti kisicho na jina, kwa sababu hesabu ya uongo huzaa kisasi, na siku ya hukumu inaharibu hata ile ya kweli. Tena, wekeni mezani vijiti vya jirani pia. Maiti ya upande wa pili nayo ina mama yake.

Sitawadanganya kwamba haki inakuja mbio. Ripoti ya waamuzi wale ilitoka mwaka 1905, lakini maneno ya mashahidi hayakuchapwa yote. Yalifungiwa Brussels hadi miaka ya 1980. Mwaka 1908 Leopold alilazimika kuiachilia Kongo mikononi mwa serikali ya Ubelgiji, lakini kazi ya kulazimishwa haikuishia hapo. Hata hivyo, wakubwa waliotaka maneno yale yasahaulike walishindwa. Zaidi ya miaka mia imepita, na leo mimi na ninyi tunajua idadi ya watu wa Bolima, kwa sababu mzee mmoja hakukubali wahesabiwe kama majani tu.

Jioni hii, mkiwa mmekaa pamoja, waulizeni wazee: vijiti vyetu ni vingapi, na majina yao ni nani?