Si Kila Kinachostahimili Ukame Kinafaa Nyumbani



Mvua za Oktoba hadi Desemba zinakaribia, na wengi wetu tunataka kupanda kitu karibu na nyumba: ua wa kuzuia vumbi, kivuli kidogo, au maua tu. Ni jambo jema. Lakini tukumbuke kati ya 2020 na 2022, misimu mitano ya mvua ilipokosekana mfululizo. Mmea unaodai mtungi wa maji kila siku unashindana na watoto na mifugo.

Pia, tusidhani kila kinachostahimili ukame kinafaa. Mti wa mathenge uliletwa nchini kwa sifa hiyo hiyo. Leo umefunga njia na malisho, na maganda yake yenye sukari huozesha meno ya mbuzi. Mwaka 2006 wakazi wa Baringo walimpeleka mbuzi kibogoyo mahakamani Nairobi kama ushahidi. Ukichipuka kwako, ung'oe na mizizi ungali mchanga.

Ukitaka ua, panda mhina. Ukikatwa hushonana vizuri, na majani yake akina mama watayatumia. Kikwata ni wa kwetu, una miiba ya kuzuia mifugo. Mswaki huvumilia hata udongo wa chumvi. Mnyaa hushika kwa kipande tu cha tawi, lakini utomvu wake huumiza macho vibaya, kwa hivyo usiupande watoto wanapocheza. Waridi la jangwani hupendeza wakati wa kiangazi, ila lina sumu. Liwe mbali na mbuzi.

Kustahimili ukame hakumaanishi kutohitaji maji kabisa. Mche mchanga bado hauna mizizi mirefu. Chimba shimo mapema, changanya udongo na samadi iliyooza, kisha panda mvua ikishaloweka ardhi. Acha kisahani kuzunguka shina, tandaza nyasi kavu, na uzungushie matawi ya miiba. Mvua ikiisha, mwagilia jioni, maji mengi mara moja kwa wiki badala ya kidogo kila siku, ili mizizi iyafuate chini.

Heri miche mitatu utakayoitunza kuliko thelathini itakayokauka kabla ya Februari.