Seremala wa Jioni na Fundi wa Biashara



Katika sehemu za Lugulu, na njiani hata Kitale, wako watu wengi wenye randa na msumeno ambao jioni, wakiisha kutoka shambani au darasani, huketi kivulini wakaunda kigoda au kabati. Majirani husifu, kisha huomba wafanyiziwe na wao. Hapo ndipo biashara inapoanza, na hapo ndipo wengi huharibikiwa.

Kwanza ni bei. Mtu aliyezoea kufanya kazi kwa kujifurahisha hudai gharama ya mbao na kidogo juu yake. Meza ikiwa imekula mbao za shilingi 2,500, na misumari, gundi na vanishi za shilingi 600, naye akaiuza kwa 3,500, basi amepata shilingi 400 kwa kazi ya siku tatu. Kibarua wa shambani amempita, wala msasa na meno ya msumeno hayajahesabiwa.

Mfano mwema ni Mutisya Munge wa Wamunyu, katika nchi ya Wakamba. Husimuliwa kwamba alikuwa akichonga fimbo na vigoda hata kabla ya Vita Kuu ya 1914–1918. Vita vikampeleka nchi ambayo sasa ni Tanzania, akawaona Wazaramo wakichonga vinyago vya kuuza. Aliporudi alichonga kwa ajili ya soko, na watu wa kwao wakamfuata. Mwaka 1963 wachongaji Wakamba wa Mombasa wakaanzisha chama chao cha ushirika. Mkono wa Munge ulikuwa hodari tangu zamani. Jambo jipya alilolipata ni kumjua mnunuzi.

Mbao nazo zataka fedha na subira. Mbao mbichi za mkaratusi hupinda, na mlango uliofungwa vizuri mwezi huu waweza kuacha ufa wa kupitisha kidole kiangazi kikija. Mbao za inchi moja, zikipangwa kivulini na vijiti kati yake ili upepo upite, huhitaji miezi mingi, pengine mwaka mzima. Seremala wa jioni aweza kungoja. Mteja hangoji, na mwenye kutaka jeneza hawezi kabisa. Kwa hiyo fundi hununua mapema. Februari 2018 Serikali ya Kenya ilisimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma, na amri hiyo ikakaa zaidi ya miaka mitano. Aliyekuwa na mbao zake ghalani, au miti yake shambani, alikuwa na nafuu.

Limebaki neno la jamaa, nalo ni gumu kuliko kukausha mbao. Mteja wa kawaida hutoa arubuni ya nusu kabla randa haijaguswa. Mjomba je? Kumkatalia ni aibu, na kumpa bure ni kuila mbao ya mteja mwingine. Yafaa mjomba alipe mbao na misumari siku ile ile, na mpwa amsamehe ujira wa mikono yake, akiuandika ujira huo daftarini.