Redio Iliyonyamaza: Matengenezo ya Nyumbani na Vipuri vya Bei Nafuu

Jioni ya leo twapenda kuzungumza nanyi habari za kitu kile kile kinachoileta sauti yetu kwenu, yaani redio. Wala hatutasema habari za vipindi vyake, bali habari za siku ile inaponyamaza. Mazungumzo haya yana ajabu yake, kwa maana mtu ambaye redio yake imenyamaza hatusikii kabisa. Basi twasema nanyi mlio na redio nzima, mpate kumsaidia jirani. Na maneno yetu yamepigwa chapa katika kijitabu hiki ili naye ayasome kwa macho yake mwenyewe.

Tuanze na kisa tulichokiona. Katika mtaa wetu alikuwako mama mmoja mtu mzima, mjane, mwenye redio ndogo ya betri mbili, au mawe mawili kama wasemavyo wengine. Kila jioni alikuwa akisikiliza matangazo ya vifo, kwa kuwa ndugu zake wametawanyika mbali, na huko kwao simu ya mkononi hushika kwa shida. Siku moja redio ikanyamaza. Mwanawe akanunua betri mpya, akazitia, kimya. Akasema, "Mama, hii imekufa. Nikiuza korosho nitakununulia nyingine." Redio ikawekwa juu ya kabati, ikakaa huko miezi minne. Katika miezi hiyo kaka yake yule mama alifariki. Tangazo lilisomwa jioni mbili, watu wakazika, wakatawanyika. Na mama hakupata habari hata alipofikiwa na msafiri, siku ya tisa.

Baadaye alituletea ile redio tuitazame. Tulipoifungua tuliona waya mmoja mwembamba umekatika karibu na kibati cha betri, umeliwa na kutu ya betri zilizovuja. Kazi yetu haikupita nusu saa, na vitu tulivyotumia vilikuwa kipande cha msasa na tone moja la risasi ya kulehemia. Tulimrudishia redio yake inasema, naye akashukuru. Lakini sisi hatukuwa na neno la kumwambia. Hatusemi haya ili kumlaumu kijana. Yeye alifanya kama walivyo wengi wetu: chombo kikinyamaza, husema kimekufa, kwa sababu hakuna aliyewafundisha kukifungua.

Basi neno letu la leo ni hili: msikihukumu chombo kabla ya kukiangalia kwa taratibu. Aghalabu kosa ni dogo, nalo liko mahali panapoonekana.

Wazee wetu wasingeweza kuambiwa hivyo kwa urahisi. Mwaka 1949, huko Rhodesia ya Kaskazini, ambayo sasa ni Zambia, ilitolewa redio iliyopewa jina la Saucepan Special kwa kuwa sanduku lake lilifanana na sufuria. Bei yake ilikuwa pauni 5, na betri yake kubwa ililipiwa mbali. Ndani yake mlikuwa na valvu za kioo, na redio za namna ile zilitaka umeme wa volti nyingi kutoka katika betri zao. Lakini mwaka 1947, katika maabara za Bell huko Marekani, wataalamu walikuwa wamekwisha kuvumbua transista, kitu kidogo kama punje ya mtama, nacho ndicho kilichochukua mahali pa valvu. Redio ya transista yenye betri mbili hutumia volti 3 tu. Volti hizo haziwezi kumdhuru mtu aliyezigusa kwa mkono. Kwa hiyo redio ya betri ndiyo shule njema ya mtu anayejifunza nyumbani.

Haya basi, tuifungue. Vifaa si vingi: bisibisi ndogo, msasa laini, pamba, spiriti, na mita ya fundi iliyo ya bei ndogo kuliko zote. Kabla ya kufungua, tandikeni kitambaa cheupe mezani, na skrubu zote zitiwe katika kisahani, zisipotee. Tena, wenye simu yenye kamera na wapige picha ya nyaya zilivyokaa. Ukumbusho huo utawaokoa wakati wa kufunga.

Kwanza, tazameni betri na vibati vyake. Betri nzima ya namna hii huwa na volti 1.5. Mkiona unga mweupe au kutu ya kijani, hapo ndipo umeme unapozuiliwa. Unga wa betri za alkali hulainishwa kwa pamba iliyochovywa siki. Kutu ya betri za kawaida na ikwanguliwe kwa msasa. Kisha futeni kwa spiriti, mwache pakauke, na mikono ioshwe.

Pili, tazameni nyaya. Vuteni kila mmoja polepole kwa ncha ya kidole. Waya uliokatika ndani ya ganda lake huonekana mzima kwa macho, lakini mita itawaambia kweli.

Tatu, jaribuni tundu la spika za masikioni. Ndani ya tundu hilo kuna swichi inayoifunga spika kubwa mtu anapotia zile za masikioni. Swichi hiyo ikishikwa na vumbi, redio huwa bubu ingawa viungo vyake vyote ni vizima. Ingizeni na kutoa plagi mara kumi. Mara nyingi sauti hurudi yenyewe.

Nne, kifungo cha sauti. Kikikwaruza unapokizungusha, dawa yake ni tone la spiriti safi ndani yake, hali redio imezimwa na betri zimetolewa, kisha kizungushwe mara nyingi na kuachwa kikauke.

Tano, spika yenyewe. Ondoeni waya wake mmoja, kisha gusisheni betri moja kwenye ncha zake mbili kwa nukta moja tu. Ikilia "kwach", ni nzima. Ikiwa kimya, imekufa, na hiyo ndiyo mnayoitafutia badala.

Mkiisha kupita katika hatua hizi tano na redio ingali kimya, hapo kosa liko katika bodi, na yafaa kumwendea fundi. Lakini hata kwa fundi hamtakwenda kama kipofu; mtamwambia, "Betri tumepima, nyaya tumepima, spika ni nzima." Fundi mwaminifu atafurahi, na asiye mwaminifu atajua kwamba anasema na mtu mwenye macho.

Hapa sharti tuseme neno la kuonya, nalo lishikwe kuliko yote. Tulivyosema hapo juu ni habari za chombo cha betri. Chombo kinachotiwa katika umeme wa ukutani ni jambo jingine. Umeme huo ni volti 230 au 240, nao huua. Tena kuchomoa plagi hakutoshi, kwa maana ndani ya vyombo vingi mna kapasita kubwa inayoweza kushika umeme wa volti zipatazo 325 hata baada ya plagi kuchomolewa. Televisheni za zamani zenye kioo kizito hushika volti elfu nyingi, na oveni za maikrowevu ni za hatari vilevile. Vyombo hivyo wapelekewe mafundi waliofunzwa. Nanyi akina baba msimwachie mtoto afungue kitu cha ukutani kwa kuwa tu amefaulu kufungua redio. Fyuzi nayo ikiungua, itiwe nyingine ya kipimo kile kile. Anayefunga kipande cha waya badala ya fyuzi amealika moto nyumbani kwake.

Sasa tuje kwenye vipuri. Wengi husema, "Kutengeneza ni ghali, heri kununua kipya." Neno hilo huwa kweli kwa mtu asiyejua mahali pa kutafuta. Duka la kwanza la vipuri limo nyumbani mwenu, nalo ni lile kapu la vitu vilivyokufa. Redio mbili zilizokufa kwa makosa mbalimbali aghalabu huzaa redio moja nzima. Kichezeo cha mtoto kilichovunjika kina spika ndogo, swichi na vibati vya betri. Chaja ya simu iliyoharibika ina waya mzuri. Basi msitupe, wekeni sanduku moja, na kila kitu kiandikwe kilikotoka.

Duka la pili ni mafundi wa mtaani. Kila fundi ana rundo la bodi kuukuu, naye huuza kipande kwa bei isiyofika robo ya kipya. Mkienda mijini, kama vile Kariakoo katika Dar es Salaam au barabara ya Luthuli katika Nairobi, mtakuta maduka ya vifaa vya umeme yamepangana, na faida ya maduka yaliyopangana ni kwamba mtu aweza kuuliza bei mara tatu kabla ya kununua mara moja. Kuuliza si ujinga.

Lakini mwendapo dukani, chukueni kipuri cha zamani mkononi, wala msitegemee kumbukumbu ya kichwa. Spika huandikwa omu zake mgongoni, kwa kawaida 4 au 8. Iliyokuwa ya 8 itiwe ya 8; ukitia ya 4 utaibebesha bodi mzigo usio wake. Resista haina maandishi, bali ina mistari ya rangi: kahawia, nyeusi na nyekundu maana yake ni omu 1,000. Kapasita huandikwa mambo mawili, maikrofaradi na volti. Maikrofaradi ziwe sawa na za kwanza. Volti ziwe sawa au zizidi, zisipungue kamwe. Tena nyingi zina upande wa hasi uliotiwa alama ya mstari, nao sharti ukae mahali pake.

Hilo la mwisho tulijifunza kwa aibu. Siku moja, kwa haraka ya kumaliza kabla ya magharibi, tulitia kapasita upande usio wake. Tulipowasha, ilipasuka kwa mlio mkubwa, ikajaza chumba moshi na harufu, na mwenye redio alikuwa ameketi pale pale akitutazama. Bahati njema hapakuwa na jicho karibu. Tangu siku ile twatazama mara mbili, twalehemu mara moja. Na twavaa miwani.

Jambo jingine: katika vipuri vya bei nafuu vimo vya hila. Viko vilivyochomolewa katika bodi kuukuu na kung'arishwa viuzwe kama vipya. Miguu ya kipuri kipya ni mirefu na safi. Miguu mifupi yenye mabaki ya risasi imekwisha kutumika. Si vibaya kununua kilichotumika, mradi ulipe bei ya kilichotumika. Mchukue mita yenu, mpime pale pale dukani, kwa maana mkiisha kutoka, maneno huwa mengi. Tena majirani watatu au wanne wakiagiza pamoja, nauli ya kwenda mjini hugawanyika, na muuzaji hupunguza bei kwa anayenunua vingi.

Wasikilizaji wetu, wahenga walisema, "Usipoziba ufa, utajenga ukuta." Redio isiyotumika na itolewe betri kabla hazijavuja. Hiyo ndiyo kinga ya kwanza, nayo haina gharama. Kama yule kijana angalifanya hivyo, au angalifungua skrubu nne akatazama, mama yake angalimzika ndugu yake.

Hatusemi kwamba kila chombo kitafufuka. Viko vilivyokufa kweli, navyo huingia katika sanduku la vipuri ili vingine viishi. Bali twawaomba jambo moja. Usiku huu, kipindi kikiisha, geuzeni redio zenu, mfungue kile kijimlango cha betri, mtazame. Mkiona unga mweupe, mmekwisha kujua la kufanya. Na kama juu ya kabati la jirani yenu kuna redio iliyonyamaza, mwendeeni kesho na bisibisi na kijitabu hiki. Huenda katika matangazo ya jioni limo jina la mtu wake.