Mnunuzi wa Nyumba Dar es Salaam na Yale Anayokubali Kuyaacha



Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika Mkoa wa Dar es Salaam. Miaka kumi kabla walikuwa 4,364,541. Ni ongezeko kubwa, lakini mkoa jirani ulikwenda mbio zaidi: Pwani ilitoka watu 1,098,668 mwaka 2012 hadi 2,024,947 mwaka 2022, yaani kasi ya karibu mara tatu ya ile ya Dar es Salaam. Viwanda vya Kibaha na Mkuranga vina mchango wao katika hesabu hiyo. Humo humo, hata hivyo, wamo watu wengi wanaofanya kazi Kariakoo, Posta na Ubungo, ambao walitafuta pa kujenga mjini, wakakosa wanachokimudu, wakavuka mpaka wa mkoa.

Mhadhara huu unawahusu watu hao na wenzao waliobaki ndani ya mpaka. Swali lake ni moja: mnunuzi anapoona soko limemzidi, huacha nini kwanza, na je, huacha kilicho salama kuachwa?

Anachokitaka mwanzoni kinafahamika. Ni nyumba ya vyumba vitatu, kimoja masta, sebule inayoweza kupokea wageni wa msiba na wa harusi, jiko la ndani na la nje, uzio, kisima au tangi, na barabara ya lami isiyo mbali. Ndoto hiyo haina anasa. Ni kipimo cha familia inayojua kwamba siku moja mama atatoka kijijini aje kuishi nao, na mdogo wake mume atakuja kusoma chuo.

Kitu cha kwanza kuachwa ni ukaribu. Hilo si jambo la kizazi hiki. Sinza na Kijitonyama, ambako leo kiwanja kitupu ni adimu, zilikuwa maeneo ya mradi wa viwanja na huduma katika miaka ya 1970, na waliopewa viwanja wakati huo walionekana wamepelekwa porini. Baadaye ikawa zamu ya Mbezi, kisha Goba na Madale, kisha Chanika, Kibamba na Toangoma. Sasa mazungumzo ya wanunuzi yanataja Mlandizi, Vikindu, Kerege na Mapinga, maeneo yaliyomo Mkoa wa Pwani.

Kila muundombinu mpya huusogeza mbele mstari wa pale wanunuzi wanapotafuta. Daraja la Nyerere lilipofunguliwa Aprili 2016, Kigamboni iliacha kuwa mji wa kusubiri pantoni peke yake. Mwezi uliofuata mabasi ya mwendokasi yalianza kazi katika Barabara ya Morogoro, na Kimara ikawa karibu zaidi na Kivukoni kwa saa ingawa kilomita ni zilezile. Juni 2024 treni ya umeme ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro, na tangu hapo hata Soga na Ruvu zimeingia katika midomo ya madalali.

Gharama ya umbali hailipwi siku ya kununua. Inalipwa na mtoto anayeamshwa saa kumi alfajiri ili awahi shule ya mjini, na mama anayefika nyumbani saa tatu usiku akikuta wanawe wamelala. Wanunuzi wengi hupiga hesabu ya nauli ya daladala wakasahau ya bodaboda kutoka stendi hadi mlangoni, ambayo kwa mwezi inaweza kuishinda nauli yenyewe. Ukaribu unaweza kuachwa, ilimradi familia nzima ikae chini na kukubaliana ni nani atakayeubeba mzigo huo.

Kitu cha pili kuachwa ni nyumba iliyokamilika. Hapa Dar es Salaam ina ujuzi wake, nao unastahili heshima kubwa kuliko unayopewa na wachumi. Watu wachache sana hununua nyumba nzima. Wengi hununua kiwanja, wakamwaga msingi kwa fedha za upatu au za kikoba, wakakaa mwaka, wakapandisha kuta hadi lenta, wakakaa tena, wakapaua, kisha wakahamia kwenye vyumba viwili vyenye milango huku vingine vikiwa bado mapagale. Lipu, dari na vigae huja baadaye, kidogo kidogo, kadiri mshahara, mavuno au biashara inavyoruhusu.

Wanaoulaumu mtindo huo husema fedha hulala kwenye tofali kwa miaka bila kuzaa. Ni kweli. Lakini ni vizuri kuutazama mkopo wa benki kabla ya kulaumu. Mwaka 2008 Bunge lilipitisha sheria mahsusi ya mikopo ya nyumba, na mwaka 2010 ikasajiliwa kampuni ya TMRC ili kuzipatia benki fedha za muda mrefu. Leo benki zaidi ya 30 hutoa mikopo hiyo. Hata hivyo, jumla yake haijafikia asilimia 1 ya pato la taifa. Sababu kubwa ni riba, ambayo kwa kawaida imekuwa kati ya asilimia 15 na 19 kwa mwaka.

Tuchukue mkopo wa shilingi milioni 60, riba ya asilimia 17, kwa miaka 15. Rejesho la kila mwezi linakaribia shilingi 923,000, na hadi mwisho mkopaji atakuwa amelipa takriban shilingi milioni 166. Mtumishi wa umma hatakiwi kukatwa hadi akabakiwa na chini ya theluthi moja ya mshahara wake. Kwa hiyo, hata bila kuhesabu kodi na makato ya pensheni, anahitaji mshahara wa karibu shilingi 1,385,000, na asiwe na deni jingine lolote. Mwalimu anayeanza kazi hayumo katika hesabu hiyo, wala muuguzi, sembuse mwenye duka la nguo ambaye kipato chake hakina karatasi ya mshahara. Anapochagua kujenga kwa awamu, anakuwa amepiga hesabu yake sawasawa.

Njia nyingine ni kuishi juu badala ya kuishi mbali. Mwaka huohuo wa 2008 ilipitishwa sheria inayomwezesha mtu kumiliki sehemu ya jengo na kupata hati yake. Shirika la Nyumba la Taifa, lililoundwa mwaka 1962, limeuza nyumba za ghorofa kwa utaratibu huo, na Magomeni Kota, mahali zilipobomolewa nyumba za zamani, kaya 644 zilirudishiwa makazi katika maghorofa yaliyozinduliwa mwaka 2022. Bado wanunuzi wengi wanasita. Wanauliza watafugia wapi kuku, watawekea wapi turubai siku ya msiba, na nani atatengeneza lifti. Wajenzi wa maghorofa wangefanya vyema kuyachukua maswali hayo kama maelekezo ya usanifu. Ukumbi wa pamoja wa shughuli na mfuko wa matengenezo unaoeleweka vinaweza kumbakiza mnunuzi mjini kuliko vigae vya bei kubwa.

Sasa tufike kwenye kitu cha tatu, ambacho ndicho kiini cha mhadhara huu. Ni karatasi.

Mambo huenda hivi. Jumamosi asubuhi dalali huwapokea mume na mke stendini, akawapandisha bodaboda hadi kwenye eneo lenye mwembe upande mmoja na minyaa upande wa pili. Anapima kwa hatua: ishirini kwa ishirini. Bikoni hakuna. Mke anauliza kama hati ipo. "Shemeji, hapa wote tunaandikishana serikali ya mtaa," anajibu dalali, "upimaji uko njiani." Kisha anamgeukia mume: kuna mteja wa Tabata anakuja na hela saa nane mchana, kwa hiyo ni vizuri aweke hata kishika uchumba. Wanandoa wanatazamana. Wameshapoteza viwanja viwili kwa kuchelewa, na bei imepanda kila mara. Mume anatoa simu na kutuma fedha.

Ushindani wa soko humfanya mtu aharakishe, na kinachoangushwa kwenye haraka ni uhakika wa umiliki. Mkataba ulioshuhudiwa na mwenyekiti wa mtaa unaweza kusaidia kuthibitisha kwamba fedha zilitolewa. Hauthibitishi kwamba muuzaji ndiye mwenye ardhi, kwamba eneo si la kiwanja cha shule au bonde la mto, wala kwamba halijauzwa kwa watu wengine wawili. Tena ile desturi ya kumtoza mnunuzi asilimia 10 ya bei kwenye ofisi ya mtaa imekemewa na serikali mara kwa mara, lakini watu wanalipa, kwa kudhani wananunua usalama.

Matokeo yake tumeyaona kwa macho. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua zaidi ya watu 40 Dar es Salaam, na waliohamishwa kutoka bonde la Msimbazi wakapewa viwanja Mabwepande. Mwaka 2017 mamia ya nyumba kati ya Kimara na Kiluvya zilivunjwa kwa sababu zilikuwa ndani ya hifadhi ya Barabara ya Morogoro. Baadhi zilikuwa na umeme na maji, na wenyewe waliishi humo kwa miaka mingi. Bili ya umeme haikuwakinga.

Lawama isiishie kwa mnunuzi. Angenunua kilichopimwa kama kingekuwepo kwa bei yake. Kati ya mwaka 2002 na 2006 serikali ilitekeleza mradi wa viwanja 20,000, ikapima Bunju, Mbweni, Mivumoni, Kibada, Toangoma, Buyuni na kwingineko, na viwanja vikavuka lengo. Mradi ulikuwa na kasoro: maji na barabara vilichelewa, wakulima waliotoa mashamba walilalamikia fidia, na viwanja vingi vilishikwa na wenye fedha wakaviacha vichaka wakingoja bei ipande. Pamoja na hayo, ulithibitisha kwamba halmashauri inaweza kufika kabla ya dalali. Fedha za mauzo ya viwanja zikizungushwa kupima maeneo mapya, na masharti ya kujenga yakasimamiwa kweli, mji unaweza kuwahi. Kurasimisha makazi baada ya watu kujenga ni kazi njema, lakini kunakuja wakati barabara ya mita tatu imeshazibwa na ukuta wa jirani.

Kwa hiyo msimamo wa mhadhara huu ni kwamba familia ipunguze ukubwa wa nyumba, ikubali umbali inaoweza kuubeba, ihamie na mapagale yake bila aibu, au ipande ghorofani. Uhakika wa umiliki usiguswe. Halmashauri za Kibaha, Mkuranga, Bagamoyo na Kisarawe zipime sasa, kabla sensa ijayo haijawakuta watu wamekwishajipangia wenyewe. Na mnunuzi anayepanga kwenda kuona kiwanja Jumamosi hii aanzie Ijumaa kwenye ofisi ya ardhi ya halmashauri kuuliza mchoro wa mipango miji, afanye upekuzi kwa Msajili wa Hati kama hati ipo, na ahakikishe mwenza wa muuzaji ameridhia kwa maandishi, maana Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka ridhaa yake kwa nyumba ya familia. Kishika uchumba kitoke baada ya hapo.