Vyombo vya Nani?

Ninyi wanamuziki mmekaa viti vya nyuma kama mnavyokaa mkisubiri zamu yenu ya kupanda jukwaani.

Mwaka 2013 Muhidin Maalim Gurumo alistaafu muziki. Alikuwa ameimba kwa miaka zaidi ya 50. Aliingia bendi ya NUTA Jazz ilipoanza mwaka 1964, mwaka 1978 akawa mmoja wa waliosimamisha Mlimani Park, mwaka 1985 akahamia Orchestra Safari Sound, kisha akarudi Msondo, ambayo ndiyo NUTA ileile iliyokuwa imebatizwa upya kila jumuiya ya wafanyakazi ilipobadili jina. Siku za kuaga kwake, habari iliyozunguka mjini haikuwa nyimbo zake. Ilikuwa kwamba mzee hana usafiri. Diamond Platnumz, aliyekuwa ndiye kijana anayetamba, akamkabidhi gari mbele ya kadamnasi. Tulipiga makofi, na mimi nilipiga. Aprili 2014 mzee akafariki.

Sina neno baya juu ya zawadi ile. Kijana alimheshimu mkubwa wake, na waungwana ndivyo wafanyavyo. Kinachonikosesha raha ni makofi yetu. Gari lile lilikuwa tuzo, nasi tulilipokea kana kwamba ni malipo. Nyimbo za Gurumo zilipigwa redioni, kwenye mabaa, kwenye mabasi ya mikoani na kwenye harusi za watu wasiojua hata jina lake, miaka nenda miaka rudi, na hapakuwa na daftari lolote nchini ambalo mtu angelifungua aseme: mzee tunamdai au anatudai kiasi hiki. Deni lisiloandikwa halidaiwi. Linabaki kuwa huruma.

Neno tuzo tulilishike kidogo, maana lina mizizi. Nendeni kwenye taarabu. Mtu akiguswa na beti, huinuka, hutembea kwa madaha mpaka mbele, akamtunza mwimbaji noti mkononi, wakati mwingine huku akimtazama jirani yake aliyekusudiwa na maneno yale. Ni ustaarabu mzuri sana, mimi mwenyewe umenimalizia mshahara mara mbili tatu. Lakini tazameni noti inakwenda wapi. Wimbo wa taarabu una mtunga shairi, una mtia sauti, halafu una mwimbaji, na mara nyingi hao ni watu watatu. Mkono wa mtoaji huifuata sauti. Mtunga shairi pengine yuko nyumbani kwake amelala. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri za HMV, za kwanza kuvuma namna ile kwa Kiswahili, hakwenda na sauti yake tu: walikuwapo wapigaji, na nyuma yao walikuwapo watunzi. Santuri ziliuzwa kwa makumi ya maelfu mwambao wote. Leo ukimwuliza mtu mtaani zile ni nyimbo za nani, atakujibu ni za Siti, na hatakuwa amekosea, ila hatakuwa amejibu swali.

Nikiwa kijana nilipiga gitaa la rithim katika bendi moja ambayo sitaitaja. Sikuwa mpigaji mzuri. Wazee wa nyuma msicheke. Mwenye bendi hakujua kupiga chochote. Alikuwa na ufunguo wa stoo. Jioni tulikusanyika mlangoni kumsubiri aje afungue, tubebe spika, tupange tumba, tukung'ute vumbi. Usiku yeye alikaa getini na daftari la viingilio, na alfajiri alitugawia posho kwa mpangilio alioujua mwenyewe. Siku moja nikauliza kwa nini mzee mmoja wa solo, aliyetunga karibu nusu ya nyimbo tulizopiga, anapata sawa na mimi niliyeingia juzi. Mzee mwenyewe ndiye aliyenijibu, wala hakuinua macho kwenye nyuzi alizokuwa akizikaza: "Dogo, vyombo vya nani?"

Nimesoma vitabu vingi tangu siku ile na sijakuta maelezo mafupi zaidi ya biashara hii. Fedha haimfuati mwenye wimbo. Inamfuata mwenye chombo ambacho wimbo hauwezi kupita bila hicho. Zama za bendi chombo kilikuwa gitaa, ngoma na spika. Vitu hivyo vilitoka nje, vilihitaji fedha za kigeni, na mtu binafsi kuvipata ilikuwa kazi. Ndiyo maana bendi zetu zikawa za jumuiya, jeshi, polisi, viwanda na mashirika. Urafiki Jazz ilikuwa ya kiwanda cha nguo. Bima Lee ilikuwa ya shirika la bima. Mlimani Park ilianza chini ya shirika la teksi na uchukuzi, kisha ikachukuliwa na shirika la maendeleo la jiji, DDC. Leo twaweza kuona kichekesho, mwimbaji wa mapenzi kuwa mwajiriwa wa kampuni ya teksi, lakini ule ulikuwa mshahara wa mwisho wa mwezi, na wazee wengi watawaambia kwamba tangu wakati huo hawajauona mwingine.

Mshahara ulikuwa na bei yake. Mwanamuziki aliyechoka hakuwa na la kufanya ila kuhama. Mwaka 1985 Hugo Kisima, mwenye Orchestra Safari Sound, alimchukua Gurumo, Abel Bartazar na wenzao kadhaa kutoka Mlimani Park, na mashabiki wakaona ni kama timu imesajili. Walihama na sauti zao na vidole vyao. Nyimbo zilibaki katika jina la bendi waliyoiacha. Sisi wapenzi wa dansi huyasimulia mambo haya kama visa vya mpira, nani kamhama nani, nani kamjibu nani. Nawaomba siku moja muyasome kama mgomo. Watu wasio na mkataba wa kazi zao walikuwa wakidai nyongeza kwa njia pekee waliyokuwa nayo.

Chombo cha pili kilikuwa studio. Kwa miaka mingi mahali pa kurekodi palikuwa Radio Tanzania Dar es Salaam. Bendi iliingia nzima, ikapiga kwa pamoja, ukikosea mnarudia wote. Zile rekodi ni hazina, sauti ya saksafoni imesimama mbele yako kama mtu. Redio ililipa bendi kwa sifa: wimbo ukipigwa Jumapili, Jumamosi ifuatayo ukumbi unajaa, na ukumbi ukijaa posho inaongezeka. Nchini hapakuwa na kiwanda cha santuri. Tepu zilivuka kwenda Nairobi, zikarudi zimekuwa santuri zenye nembo za huko, na hesabu ya zilizouzwa haikurudi nazo. Baadaye zikaja kaseti, na kila aliyekuwa na redio mbili na waya akawa mchapishaji. Marijani Rajab, aliyeijaza miji yetu nyimbo, miaka yake ya mwisho kabla ya kufariki mwaka 1995 alikuwa akiuza kaseti kibandani. Katika biashara ya muziki wake mwenyewe, nafasi iliyokuwa na kipato ilikuwa ile ya muuza duka.

Mtasema hayo ni ya kwetu, umaskini na ujamaa. Basi tutoke kidogo. Johannesburg, mwaka 1939, Solomon Linda na kundi lake la Evening Birds walirekodi "Mbube" katika studio ya Gallo. Mwaka 1952 haki za wimbo huo zilihamishwa kwa shilingi 10. Kundi la The Weavers la Marekani lilikuwa limeuchukua likauita "Wimoweh", na mahali pa mtunzi pakaandikwa Paul Campbell, bwana ambaye hakupata kuzaliwa; lilikuwa jina la kujitungia. Mwaka 1961 ukawa "The Lion Sleeps Tonight". Linda alifariki mwaka uliofuata, maskini. Mwaka 1994 wimbo ukaingia katika filamu ya The Lion King. Binti zake waliishi Soweto.

Sehemu ya kisa hiki inayosimuliwa mara chache ndiyo inayonivutia kuliko zote. Mwanasheria Owen Dean hakwenda mahakamani mwaka 2004 na hoja ya huruma. Alikwenda na Sheria ya Hakimiliki ya himaya ya Uingereza ya mwaka 1911. Ndani yake mlikuwa na kifungu kisemacho kwamba haki alizouza mtunzi akiwa hai zinarudi kwa warithi wake miaka 25 baada ya kifo. Linda alifariki 1962, hesabuni. Kwa kifungu hicho familia iliishtaki Disney, na Februari 2006 pande mbili zikapatana, warithi wakalipwa. Sheria ya mkoloni, iliyotungwa bila kumfikiria Linda, mchunga mifugo wa Msinga, hata kwa dakika moja, ndiyo iliyomkumbuka. Shilingi 10 zilinunua sahihi, hazikununua kaburi.

Sisi pia tuna sheria. Tanzania ilitunga ya mwaka 1999, na COSOTA, taasisi ya hakimiliki, ikaanza kazi mwaka 2001. Sheria hiyo inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Kenya wana yao, na vyama vya kukusanya mirabaha. Ni maneno mazuri. Lakini haki ya utunzi ni hesabu kabla ya kuwa haki: lazima mtu aandike ni wimbo gani umepigwa, wapi, mara ngapi, na ni wa nani. Tusipoandika tunabaki na fungu moja na umati wa watu, na fungu linagawanywa kama pilau la msibani. Mwaka 2019 chama cha MCSK cha Kenya kiliwapelekea wanachama wake shilingi 2,530 kila mmoja, nyota na asiyejulikana sawasawa. Wakali wa Nairobi walichachamaa kwa udogo wa kile kiasi. Mimi kilichonishtua ni usawa wake. Mgao unaolingana kwa wote ni ungamo kwamba hakuna aliyehesabu.

Siku hizi chombo ni simu na mtandao. Spotify ilifika kwetu Februari 2021, na tangu mwaka 2024 wimbo usiofikisha usikilizwaji 1,000 kwa mwaka haulipwi hata senti. Miito ya simu inaingiza fedha, nayo hukatwa na kampuni ya simu, kisha na dalali wa katikati, ndipo imfikie msanii, na mtunzi wa maneno asiye mwimbaji asubiri kama mtunga shairi wa taarabu. Kizazi cha kabla ya mtandao kilizoea kuwauzia wadosi, wasambazaji wa Kariakoo, albamu nzima kwa mkupuo. Wengine wakajifunza kwa Wakongo kumtaja tajiri, yaani pedeshee, ndani ya wimbo, jina kwa bei. Watu wa maadili walilaani. Mimi naona ni uhasibu wa mtu mwenye akili: ikiwa wimbo haunilipi, basi nitakodisha nafasi iliyomo ndani yake.

Kwa hiyo ninachokiomba ni kitu kidogo mno kwa mhadhara wenye maua mengi hivi. Ni karatasi moja, iandikwe mazoezini, kabla ya studio, wakati bado mnapendana: maneno ni ya fulani, sauti kaitia fulani, ile solo ya kuingilia kaibuni fulani, mgawo ni huu, sahihi hizi. Wanafunzi wangu mwaka jana walijaribu kuifanya kwa nyimbo za zamani na bendi mbili za wazee. Kazi waliyoipangia wiki moja iliwachukua muhula.

Baada ya hapa tutaburudishwa na bendi. Wapigaji tumewalipa, na risiti ninazo. Watunzi hatujawalipa, kwa sababu katika ofisi zote nilizopitia hapa chuoni hakuna aliyejua fungu hilo linatoka kasma gani. Orodha ya nyimbo iko mezani pale mlangoni, nyimbo tisa, na mbele ya kila moja jina la aliyeitunga. Sita zimejazwa. Tatu zilizobaki, wazee wawili wa bendi wamekuwa wakibishana juu yake tangu saa tisa, na nawasikia hadi hapa nilipo. Tutawasubiri wamalize.