GANZI YA VIDOLE NA KIPIMO CHA ALTRASAUNDI
(Maelezo ya mazungumzo ya afya kwa watumishi wa Serikali na wananchi)



Wako watu wanaoamshwa usiku wa manane na ganzi ya mkono, wakaukung'uta hadi wapate nafuu, kisha wakalala tena. Asubuhi hulaumiwa baridi au uzee. Lakini ganzi hiyo ikishika kidole gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya cha pete, ikakiacha kidole cha mwisho, aghalabu hutokana na kubanwa kwa mshipa wa fahamu katika kifundo cha mkono.

Hapo pana njia nyembamba: chini mifupa, juu ukanda mgumu. Humo hupita kano 9 za vidole pamoja na mshipa huo mmoja. Nafasi ikipungua, mshipa ndio unaoumia. Maradhi haya huwapata zaidi wajawazito, wenye kisukari na wanaofanya kazi za kukamata kwa nguvu mara kwa mara.

Daktari huanza kwa kumhoji mgonjwa na kuukagua mkono. Panapobaki shaka, kipimo cha siku nyingi ni cha umeme, nacho hueleza jinsi mshipa unavyopeleka ishara. Tokea miaka ya 1990, altrasaundi, yaani kipimo cha mawimbi ya sauti kinachojulikana kwa kutazamia mimba, imetumika kuuona mshipa wenyewe. Mshipa uliobanwa huvimba pale unapoingia njiani. Wataalamu wengi hushuku maradhi ukubwa wake ukizidi takriban milimita za mraba 10. Aidha, picha huweza kuonesha uvimbe wa maji unaoukandamiza mshipa. Kipimo hiki hakina mionzi wala sindano, na mwaka 2012 kilikubaliwa katika mwongozo wa madaktari wa mishipa ya fahamu wa Marekani.

Hata hivyo, picha pekee haitoi hukumu. Mshipa huweza kuonekana mzima ilhali mgonjwa anaumwa. Kwa hiyo maelezo yake yana uzito uleule.

Anayewahi huenda akatoshelezwa na gango la kuvaa usiku, au sindano ya dawa. Anayechelewa, nyama za shina la kidole gumba hunywea, hata kufunga kifungo cha shati kukawa taabu; na nguvu hizo huenda zisirudi zote, hata baada ya upasuaji.

Mwenye dalili hizi anashauriwa kufika kituo cha afya mapema, na kueleza bayana ni vidole vipi vinavyokufa ganzi, na wakati gani.